Kilomita 1,260 Bila Kutoka Kurasini

Mwaka 2016 nilizibadilishia tarakimu mbili viti, na kosa hilo bado naligharamia kwa namna yangu.

Nilikuwa karani katika kampuni ndogo ya kugomboa mizigo huko Kurasini, Dar es Salaam: chumba kimoja na nusu, ghorofa ya pili, dirisha linatazama ukuta. Kazi yangu kubwa ilikuwa kujaza kadhia, yaani fomu ya kutangaza mzigo, kwenye mfumo wa forodha. Siku hiyo nilikuwa na kontena la futi ishirini kutoka China. Ndani yake kulikuwa na bawaba, reli za droo, vitasa, skrubu na miguu ya chuma ya vitanda. Hati ya shehena ilisema kilo 18,240. Mimi nikaandika 12,840. Ukipita juu juu ni namba ile ile.

Kulisahihisha kosa lenyewe hakukumaliza nusu saa. Lakini kontena lilitoka siku kumi na nane baada ya tarehe niliyomwahidi mwenye mzigo.

Mwenye mzigo alikuwa fundi wa samani wa Keko, mtu wa makamo, ambaye mtaa mzima unamwita Baba Salum. Hakuwa na kelele. Kila asubuhi simu yangu ililia saa mbili kamili, nami nikaanza na shikamoo ndefu kuliko kawaida, kama mtu anayejaribu kununua dakika. "Marahaba mwanangu. Leo vipi?" Basi. Hakuuliza swali jingine. Hadi leo simu ikiita saa mbili asubuhi tumbo hunicheza kidogo.

Miezi hiyo hiyo nilikuwa nasoma uchumi jioni, Jumanne na Alhamisi, katika darasa la watu waliotoka kazini wakiwa wamechoka. Alhamisi moja, kontena likiwa na siku ya tano au ya sita gizani, mwalimu akaandika ubaoni fomula fupi. Alisema biashara kati ya nchi mbili huongezeka kadiri pato la kila moja linavyokuwa kubwa, na hupungua kadiri zinavyokuwa mbali. Ni kama sheria ya Newton ya sayari kuvutana, ila badala ya uzito wa sayari unaweka pato la taifa. Wanauchumi wanaiita modeli ya mvutano.

Aliyeiingiza kwenye biashara ya kimataifa ni Mholanzi Jan Tinbergen, mwaka 1962. Huyu bwana alianza na fizikia, akachukua shahada ya udaktari Leiden mwaka 1929, ndipo akahamia uchumi. Kwa hiyo haishangazi kwamba alipoona nchi zinauziana vitu akaona sayari. Mwaka 1969, yeye na Ragnar Frisch wa Norway walikuwa wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Fomula ilinikera kwa sababu inapatia. Miaka kadhaa iliyopita watafiti wawili walikusanya makadirio 1,467 kutoka kwenye tafiti 103 za aina hii. Wakakuta kwamba, kwa wastani, umbali ukiongezeka kwa asilimia 10 biashara hupungua kwa kama asilimia 9. Ndege zipo, simu zipo, intaneti ipo, na umbali bado unatoza.

Nikaijaribu kwa kutumia Baba Salum. Vifaa vyake vinatoka China. Vitanda vyake, vile vizuri vya mninga, vilikuwa vinakwenda Moroni, Komoro, kwa meli ndogo na majahazi. Moroni iko kama kilomita 700 tu kutoka hapa, na Mkomoro na Mswahili wakikaa barazani wanasikilizana nusu ya mazungumzo bila mkalimani. China iko mbali mara kumi na mbili hivi ya hapo. Kwa ujirani na kwa undugu tungetegemea Komoro ndiyo iwe mwenzetu mkubwa wa biashara. Lakini pato la China ni zaidi ya mara elfu kumi ya lile la Komoro. Umbali mara kumi na mbili hauwezi kushindana na uzito mara elfu kumi. Ndiyo maana Kariakoo imejaa mali ya Guangzhou na Yiwu, na Komoro inabaki kuwa safari ya jahazi.

Hapo sikuwa na ubishi. Ubishi wangu ulikuja kwenye neno umbali. Nilinyoosha mkono nikauliza: umbali huu unapimwa kuanzia wapi? Mwalimu akajibu kwamba kwa kawaida ni kutoka mji mkuu hadi mji mkuu, au kati ya miji mikubwa ya nchi hizo mbili, kwa mstari ulionyooka. Nikamwambia nina kontena limeshamaliza mstari wote ulionyooka, limebakiza kilomita nne kufika Keko, na leo ni siku ya sita. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Wiki iliyofuata akaniletea karatasi.

Karatasi ilikuwa ya Simeon Djankov na wenzake wawili, waliotumia takwimu za Benki ya Dunia kuhusu siku ambazo mzigo wa kawaida hutumia kutoka mlango wa kiwanda hadi ndani ya meli. Walichokikuta ni kwamba kila siku moja ya ziada kabla mzigo haujapakiwa hupunguza biashara kwa zaidi ya asilimia 1. Wakaitafsiri kwa namna ambayo karani wa Kurasini anaielewa mara moja: siku moja ya kuchelewa ni sawa na nchi yako kusogezwa mbali na wateja wake kwa kama kilomita 70. Watafiti wengine, Hummels na Schaur, walikuja kukadiria kwamba kila siku ya mzigo kuwa njiani ni sawa na kuutoza ushuru wa kati ya asilimia 0.6 na 2.1 ya thamani yake.

Kumi na nane mara sabini ni 1,260. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina urefu wa kama kilomita 1,250. Kwa hesabu ya karatasi ile, nilikuwa nimeubeba mzigo wa Baba Salum, nikaupitisha Morogoro, Dodoma na Tabora hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, bila wenyewe kutoka Kurasini.

Najua mtu makini atanikamata hapa: karatasi ile ilihusu mizigo inayotoka nchini, na kontena langu lilikuwa linaingia. Nitalifikia hilo.

Kwanza niwaonyeshe siku kumi na nane zinavyoliwa, maana watu wakisikia "bandari inachelewesha" wanafikiria kreni iliyoharibika. Sikuona kreni iliyoharibika hata moja. Siku ya kwanza mfumo ulikataa kadhia yangu kwa sababu uzito haukulingana na wa kwenye manifesti, orodha ya mizigo ya meli, na hiyo ni haki yake. Ilitakiwa barua ya kuomba masahihisho. Barua ilitakiwa sahihi ya bosi, na bosi alikuwa msibani Mwanza. Aliporudi siku ya tatu nikapeleka barua iliyoskaniwa, nikaambiwa wanataka yenye wino. Siku ya tano masahihisho yakaingia, na palepale kadhia ikachaguliwa kwa ukaguzi wa mkono. Hapo pia siwalaumu: mtu anayebadilisha uzito wa mzigo kwa tani tano na ushei ana haki ya kutiliwa shaka.

Ukaguzi wa mkono unataka kontena lishushwe kutoka kwenye rundo na kupelekwa eneo la ukaguzi. Langu lilikuwa la chini. Juu yake kulikuwa na matatu, na hayo nayo yalikuwa na mambo yao. Ijumaa mchana mtandao ukawa chini. Jumamosi, Jumapili. Jumatatu kontena limeletwa, mkaguzi yuko kwenye nguo za mtumba za mtu mwingine, na robota za mitumba hazikaguliwi kwa dakika kumi. Siku ya kumi na mbili, saa tano, mlango ukakatwa lakiri. Vijana wakatoa maboksi kama thelathini hivi ya mbele. Mkaguzi akachagua moja, akalifungua, akatoa bawaba, akaifungua na kuifunga mara tatu karibu na sikio kama mtu anayetaka kununua. "Nzuri hizi," akasema. "Hazilii." Akasaini.

Ilibaki kulipa. Kwa kuwa siku za bure zilikuwa zimeisha, kulikuwa na tozo ya kuhifadhi ya bandarini na demareji, faini ya kuchelewesha kontena, ya wenye kontena: ankara mbili, sarafu mbili, benki mbili. Malipo ya moja yalisoma siku ile ile, ya nyingine yakasoma kesho yake. Kisha lori. Siku ya kumi na saba lori letu lililala kwenye foleni Barabara ya Mandela, dereva akala chipsi mayai kwa hela yangu.

Baadaye nilikaa na daftari nikahesabu. Saa ambazo kuna mtu aliugusa mzigo ule au karatasi yake, kwa kweli akifanya kazi, hazikufika kumi na moja. Siku kumi na nane, saa kumi na moja. Zilizobaki zote zilikuwa za kusubiri, na hakuna mtu hata mmoja katika msururu ule ambaye ningemnyooshea kidole nikasema ndiye. Kama ni lazima nimnyooshee mtu, basi ni yule aliyeandika 12,840.

Benki ya Dunia ina kipimo chake cha mambo haya, kilichoanza mwaka 2007. Kinaangalia forodha, miundombinu, wepesi wa kupata meli kwa bei nzuri, umahiri wa watoa huduma, uwezo wa kuufuatilia mzigo ulipo, na kufika kwa wakati. Vipengele sita. Nilipousoma ule wa nne nikanyamaza kidogo, maana umahiri wa watoa huduma ni mimi. Sisi tunaojaza kadhia tuna tabia ya kuisema serikali na bandari kana kwamba tunazitazama kutoka juu ya mnazi.

Kipimo chenyewe nakiamini nusu. Mwaka 2014 Tanzania ilikuwa ya 138 kati ya nchi 160. Mwaka 2016, mwaka wangu wa kontena, ikawa ya 61. Nilikuwa Kurasini miaka yote hiyo na sikuona bandari ikiruka nafasi sabini na saba. Toleo hilo linategemea maoni ya watu wa kazi hizi, na maoni huja kwa siku. Kilichonivutia zaidi ni toleo la mwaka 2023, ambalo Singapuri iliongoza, kwa sababu walianza kufuatilia makontena yenyewe badala ya kuuliza watu tu. Wakakuta kwamba kontena huchukua wastani wa siku 44 tangu linapoingia bandari ya kutokea hadi linapotoka bandari ya kufikia, na kwamba wastani huo huyumba kwa siku kumi na nusu hivi, mbele au nyuma.

Hizo siku kumi na nusu ndizo zinazoua. Siku 44 unaweza kuzipanga. Agiza mapema, maliza. Lakini kama hujui ni 34 au 55, inabidi ujikinge, na kinga ya fundi wa Keko ni stoo. Baba Salum alikuwa na stoo nyuma ya karakana, imejaa vifaa vya miezi mitatu hadi dari. Nilimuuliza kwa nini asinunue kidogo kidogo. Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, ile ni imani yangu kwenu. Ningewaamini zaidi, ingekuwa ndogo." Watu wa mjini wanasema mtaji umelala. Wa kwake ulikuwa umelala chali, una vumbi.

Sasa lile la kuingia na kutoka. Kontena lilipokwama, Baba Salum alikuwa na oda ya vitanda arobaini kwa nyumba ya wageni Moroni. Mbao alikuwa nazo, mafundi alikuwa nao, miguu ya chuma ilikuwa chini ya makontena matatu. Mteja akasubiri wiki mbili, akaagiza kwingine. Kwa hiyo mzigo ulioingia kwa kuchelewa ukawa mzigo ambao haukutoka kabisa. Kwenye takwimu haya ni mambo mawili, uagizaji huku, uuzaji kule. Keko ni meza moja.

Ndiyo maana simwelewi mtu anayeniambia tuachane na habari za bandari, kwanza tuzalishe. Vitanda arobaini visivyotengenezwa ni pato la taifa ambalo halikuzaliwa, na mkunga aliyekwama alikuwa mimi.

Lakini kuna jambo jingine ambalo nilichelewa kuliona. Usafirishaji mbovu haupunguzi tu biashara, unaichekecha. Unaamua ni mali gani ipite.

Turudi nyuma. Karne ya 19, misafara kutoka bara hadi Bagamoyo ilikuwa migongo ya watu. Mpagazi alibeba kama kilo 30, akatembea miezi. Kwa gharama hiyo, nani angebeba mtama wa Tabora kuuleta pwani? Angeula njiani ukaisha. Kilichoshuka hasa ni pembe za ndovu, kwa sababu kilo moja ya pembe ililipa mguu wa mtu. Kilichopanda ni nguo, shanga, na nyaya. Bara lilikuwa linazalisha chungu nzima ya vitu, ila chekeche liliruhusu vichache. Na ukitaka kumbukumbu ya upagazi mjini hapa, usiende makumbusho: jina Kariakoo lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Soko kubwa kuliko yote nchini, ambalo Wakongo, Wazambia na Wakomoro huja kufunga mizigo, limerithi jina la watu waliobeba kichwani.

Leo kinara wa mauzo yetu ya nje ni dhahabu, na dhahabu hupanda ndege. Haijui foleni ya Mandela, haijui mtandao uko chini, haina habari na karani anayegeuza tarakimu. Ni pembe ya ndovu ya zama zetu: nyepesi kwa bei yake, inavumilia usafiri wa aina yoyote. Kwa hiyo ukiona dhahabu inaongoza, usiseme haraka kwamba hicho ndicho tunachokiweza. Huenda ndicho kilichopenya.

Upande wa pili weka parachichi. Njombe na Rungwe wanalima parachichi nzuri mno, lakini tunda hilo tangu likatwe lina saa inayogonga. Linataka kontena la baridi, umeme usiokatika bandarini, na meli inayoondoka siku iliyosemwa. Kwa miaka mingi parachichi nyingi za Nyanda za Juu Kusini zilipandishwa lori, zikapita Dar kama hazitujui, zikaenda kupakiwa Mombasa. Lori la tunda linaloharibika linaongeza mamia ya kilomita kwa hiari. Ukiambiwa mkulima huyo hajui jiografia, kataa. Anaijua ile inayohesabiwa kwa siku.

Hapa ndipo bandari na pato vinaponipa shida ya kweli. Ukitaka kuielewa shida yangu, kaa kijiwe chochote cha kahawa Barabara ya Mandela, upande wa Uhasibu, uangalie malori. Yanayotoka bandarini yamekaza springi: ngano, mbolea, vigae, mashine, mafuta. Katikati yao yanapita magari ya IT, yaani ya kupita tu nchini, yale ya Japani yanayokwenda Zambia, Kongo na Malawi, karatasi imebandikwa kwenye kioo, dereva anaokota abiria wa Mbeya kimyakimya. Yanayorudi bandarini, mengi yamebeba makontena matupu. Utayajua kwa mlio: kontena tupu likipita kwenye tuta linapiga kama debe. Wapo wanaobeba mabamba ya shaba kutoka Katanga na Zambia, yamefungwa minyororo, yanang'aa jua likiyapiga. Hiyo ni shaba ya majirani. Msimu wa korosho, pamba au kahawa mambo huchangamka. Lakini mlio wa debe ndio mlio wa kawaida, na kontena tupu linalorudi China limelipiwa na yule aliyeleta lile lililojaa.

Hapo fomula ya Tinbergen inanirudia na kunitia adabu. Bandari inafupisha umbali. Uzito hautoki bandarini. Pato la Tanzania mwaka 2023 lilikuwa kama dola bilioni 79, kwa watu zaidi ya milioni sitini, na hata ukiiweka Singapuri nzima pale Kigamboni, uzito huo hautageuka kesho asubuhi. Utakachopata kwanza ni mali ya nje kuingia kwa kasi zaidi.

Mizigo ya majirani ni hadithi tofauti kidogo, na naipenda, kwa sababu haina undugu. Kongo na Zambia ndio wateja wetu wakubwa wa mizigo ya kupita. Uzito wa migodi yao upo pale pale, uwe umejipanga au hujajipanga. Kwenye mizigo hiyo Dar inashindana na Durban, Beira, Walvis Bay, na sasa Lobito kule Angola, ambako reli imefufuliwa na mwaka 2024 shaba ya Kongo ilipakiwa kwenda Marekani kupitia Atlantiki. Shaba haina mjomba. Reli ya TAZARA ilijengwa miaka ya 1970, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba kutoka China, ili Zambia iwe na njia isiyopita kwa makaburu. Leo anayesafirisha shaba hana kumbukumbu hiyo kwenye jedwali lake. Ana siku na dola, na foleni ya mpakani Tunduma.

Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba udhaifu wa bandari ya Dar, ukilinganisha na Mombasa, ulikuwa unaugharimu uchumi wetu kama dola bilioni 1.8 kwa mwaka, na majirani dola milioni 830 nyingine. Tangu hapo mengi yamefanyika. Gati namba 1 hadi 7 zilichimbwa hadi mita 14.5 ili meli kubwa zaidi ziweze kufunga. Oktoba 2023 serikali ikasaini mikataba na DP World, kampuni ya Dubai inayoendesha bandari, baada ya miezi ya mjadala ambao kila kijiwe kilikuwa na mwanasheria wake na kila daladala ilikuwa na bunge. Nilikuwa nasikiliza kwa makini. Watu walibishana kuhusu nani amiliki kreni, kwa miaka mingapi, na kwa kifungu gani, na ni maswali halali kabisa. Lakini katika miezi yote ile sikumsikia mtu akiuliza juu ya barua yenye wino. Kreni yangu haikuwahi kuharibika, nimeshasema. Na mwaka 2024 reli ya kisasa ikaanza kubeba abiria hadi Dodoma, tukapiga picha sote, mimi nikiwemo. Binafsi nasubiri kuona behewa la mizigo likirudi Dar limejaa.

Niliacha ukarani mwaka 2019. Baba Salum tumebaki kuwa watu wa salamu. Mwezi uliopita nilipita Keko kumwangalia, nikamkuta anapaka vanishi kitanda cha mtoto, redio iko juu ya msumeno. Salum mwenyewe, ambaye enzi hizo alikuwa shule ya msingi, ndiye anayeshughulikia mizigo sasa, yote kwenye simu. Kontena lao la mwisho lilitoka siku ya sita. Nikauliza kama tarehe waliyoambiwa ndiyo iliyokuwa. Salum akasema mara hii ndiyo. Ile ya kabla yake, hapana.

Mzee akanikamata mkono akanipeleka nyuma. Stoo ilikuwa nusu tupu. Maboksi yamesogezwa ukuta mmoja, yamefika kifuani badala ya darini. Upande ulio wazi, sakafuni, kulikuwa na mstatili uliochorwa kwa chaki, kama mita mbili kwa moja, na msalaba pembeni yake ukutani pa kupitishia waya wa umeme.

"Randa ya umeme," akasema. "Nikiwa nayo nafanya vitanda mara mbili ya hivi."

Nikamuuliza ataileta lini. Akaangalia maboksi, akaniangalia mimi, akacheka.

"Kwanza hizi nyingine ziishe. Nataka nione na kontena lijalo."

Chaki ilikuwa imefifia upande wa mlangoni, pale watu wanapopita. Akainama, akaokota kipande dirishani, akaurudishia mstari.